Nikeli, Chembe ya Chuma na Maji Yasiyo na Chumvi: Namna ya Kuboresha Kichocheo cha Haidrojeni kwa Gharama Ndogo

Kabla hujanunua chochote, chukua daftari uandike namba hii: 26.6. Hizo ndizo uniti za umeme zinazoliwa na kila volti moja ukitaka kupata kilo moja ya haidrojeni kutoka kwenye maji. Mtambo unaofanya kazi kwa volti 1.9 unakula uniti 50 na nusu kwa kilo. Ushushe hadi 1.7, unakula 45 na kidogo. Anayejaza LUKU mwenyewe hahitaji kuelezwa uniti 5 ni nini.

Kazi ya kichocheo, yaani kitu kinachorahisisha maji kutengana bila chenyewe kuliwa, ni kushusha hizo volti, basi. Watu wengi hudhani kichocheo kizuri kinatoa haidrojeni nyingi zaidi kwa umeme ule ule unaopita. Hapana. Ampea ndizo zinazoamua utapata gesi kiasi gani. Volti zinaamua utailipia bei gani. Kwa joto la nyuzi 25 maji hayakubali kutengana chini ya volti 1.23, na hapo hakuna mjadala. Zote zinazozidi hapo ni ushuru unaotozwa njiani, na mtoza ushuru mkali yuko upande wa oksijeni, kwa sababu ili itoke molekuli moja ya oksijeni lazima elektroni nne zing'oke. Upande wa haidrojeni zinahitajika mbili tu. Kwa hiyo mwongozo huu utakaa sana upande wa oksijeni.

Mimi ni fundi wa maabara katika shule moja ya sekondari hapa Tanga. Haya nimeyafanya na wanafunzi kwenye veranda, kwa betri ya pikipiki na makopo ya plastiki. Hatukuwa na mashine ya maelfu ya dola, na kwa kazi hii haikuhitajika.

Kwa nini nikeli

Platinamu na iridiamu zinafanya kazi vizuri sana, lakini iridiamu inayochimbwa duniani kote haifiki tani 10 kwa mwaka. Hiyo si ya kuchezea kwenye veranda. Nikeli inapatikana, inavumilia magadi makali (hapa magadi ni maji yaliyoyeyushwa kostiki soda au mwenzake, si magadi ya kupikia), na nchi yetu wenyewe inayo ardhini kule Kabanga, wilayani Ngara. Wala si jambo jipya. Kiwanda cha mbolea cha Aswan, Misri, kilipata haidrojeni yake kwa kupasua maji kwa umeme wa Mto Nile tangu mwaka 1960, na mitambo ya namna hiyo inayotumia magadi imetegemea nikeli miaka yote.

Tahadhari, na usizirukie

Haidrojeni ikichanganyika na hewa kuanzia asilimia 4 hadi 75 inalipuka. Fanyia kazi mahali palipo wazi, mbali na jiko la mkaa na mvuta sigara. Usikusanye haidrojeni na oksijeni kwenye chombo kimoja hata kwa mzaha. Hizo video za kuwasha povu la sabuni waachie wenyewe.

Kostiki soda inakula nyama ya mwili. Vaa miwani ya kinga na glavu. Siku zote kostiki inamwagwa ndani ya maji kidogo kidogo; maji hayamwagwi juu ya kostiki. Ikiruka jichoni, suuza kwa maji yanayotiririka kwa dakika 15 bila kukatisha, kisha hospitali. Na usitumie sufuria ya alumini. Nilipokwenda kununua kostiki kwa mama mmoja mpika sabuni wa Ngamiani, nikamwamkia na kumweleza ninachotaka kufanya, neno lake la kwanza lilikuwa: "Marahaba mwanangu. Kostiki haina huruma na alumini. Mimi ilinitoboa sufuria nikiangalia." Alichokiona kikichemka ndani ya sufuria ile, bila yeye kujua, kilikuwa haidrojeni.

Hatua ya 1: Maji

Mtu wa kwanza kuona kopo lako atakuuliza: bahari iko hapo Raskazone, unanunua maji ya nini? Mjibu kwa upole. Lita moja ya maji ya bahari ina chumvi karibu gramu 35. Ukipitisha umeme humo, upande wa oksijeni unaanza kutoa klorini, gesi ya sumu, au kwenye magadi unapata dawa ya kung'arishia nguo. Magnesiamu nayo inaganda kama chokaa nyeupe juu ya elektrodi ya haidrojeni (elektrodi ni kipande cha metali kinachoingiza umeme majini) na kuifunika. Watafiti wanaofukuzia maji ya bahari wanatumia mwanya mmoja: kwenye magadi, klorini inahitaji karibu volti 0.48 zaidi ya oksijeni ili ianze kutoka. Kichocheo kizuri kinachofanya kazi ndani ya mwanya huo kinaiacha klorini ikisubiri nje. Lakini hiyo ni kazi ya baadaye. Anza na maji safi.

Tumia maji yaliyotoneshwa, yale yanayouzwa kama maji ya betri. Soma lebo kwa makini, maana kwenye rafu hiyo hiyo kunaweza kuwa na chupa ya tindikali ya betri, na muuzaji akiwa na haraka anakupa yoyote. Maji ya mvua ya hapa pwani yanafaa kama yamekingwa moja kwa moja angani baada ya mvua kunyesha muda, si yaliyopita juu ya bati. Upepo wa kusi unabeba chumvi na kuilaza kwenye mapaa. Kama maabara yenu ina silva naitreti, tia matone mawili kwenye maji kidogo: yakigeuka maziwa, yana kloridi, yaache.

Hatua ya 2: Magadi

Gramu 40 za kostiki kwa lita moja ya maji zinatosha. Viwanda vinatumia potasiamu haidroksaidi ya asilimia 25 hadi 30, tena ya moto, lakini kwa kulinganisha vichocheo mkononi huhitaji ukali huo. Acha ipoe. Weka kwenye kopo gumu la plastiki lenye alama ya pembetatu yenye namba 5 chini yake. Chupa za maji ya kunywa, zenye namba 1, huliwa na magadi polepole, nazo zikiliwa zinachafua kipimo chako. Funika kopo wakati wote, kwa sababu kostiki inakunywa kabonidayoksaidi ya hewani na kudhoofika. Badilisha kila wiki.

Tengeneza ya kutosha makopo mawili kwa mara moja. Sababu utaiona mbele.

Hatua ya 3: Nikeli ya kweli na nikeli ya kupakwa

Wanaounganisha betri za lithiamu, za pikipiki za umeme na za sola, wanatumia utepe mwembamba wa nikeli. Huo ndio unaoutaka. Shida ni kwamba utepe mwingi ni chuma cha kawaida kilichopakwa nikeli juu. Fundi atakwambia, "Mwalimu, hii nikeli tupu, jaribu na sumaku." Sumaku haikusaidii kitu, nikeli yenyewe inashikwa na sumaku kama chuma.

Jaribio la kweli ni hili. Kwaruza utepe kwa msumari hadi ndani, uuzamishe kwenye maji ya chumvi, uuache mpaka kesho yake. Ukiona kutu kwenye mkwaruzo, umeuziwa chuma. Ukibaki kama ulivyo, ni nikeli. Mimi nilinunua mara mbili kabla ya kupata ya kweli.

Kwa nini nisitumie stenlesi ya kijiko au ya chujio? Inafanya kazi, na kuna watafiti wanaoitumia kwa makusudi. Ila stenlesi ina kromiamu karibu asilimia 18, na upande wa oksijeni, ndani ya magadi, kromiamu hiyo inaweza kuyeyuka kuwa ile aina yenye sumu inayosababisha saratani. Maji yakianza kuwa ya njano, ndiyo hiyo. Mbele ya wanafunzi siitumii.

Utepe wenye upana wa milimita 8 ukiacha urefu wa milimita 12.5 ndani ya magadi unakupa sentimita moja ya mraba kamili. Upande wa nyuma na sehemu ya juu zipake gundi ya vichupa viwili, iache ikauke usiku mzima. Usipopima eneo, hesabu zako zote ni za kubahatisha, kwa kuwa elektrodi kubwa itaonekana bora hata kama ni mbovu. Sugua uso kwa msasa laini, osha kwa sabuni, suuza, pitisha spiriti, suuza tena kwa maji yaliyotoneshwa. Baada ya hapo usiuguse kwa vidole.

Kata vipande vinne kutoka utepe ule ule.

Hatua ya 4: Umbali usiobadilika

Hapa ndipo nimeona wengi wakijidanganya, na mimi nilikuwemo. Magadi yenyewe yana ukinzani. Kwa kostiki ya ukali huu, kila sentimita moja kati ya elektrodi inaweza kula hadi volti 0.05 ukipitisha miliampea 10 kwa sentimita ya mraba, na ukipitisha 100 inakula nusu volti. Basi mtu anasogeza elektrodi karibu kidogo bila kujua, volti zinashuka, anaruka kwa furaha kwamba amegundua kichocheo.

Chukua mfuniko mgumu wa plastiki, toboa nyufa mbili zilizoachana sentimita 1, na vipande viingie humo daima. Mfuniko wa pili uwe pacha wa huo. Toboa na tundu la gesi kutokea, ili haidrojeni na oksijeni zisijikusanye ndani.

Hatua ya 5: Umeme usioyumba

Unahitaji mkondo usiobadilika, si volti zisizobadilika. Kifaa kidogo kiitwacho LM317, kinachouzwa na mafundi redio, kinafanya kazi hiyo kikisaidiwa na rezista moja tu. Gawanya 1.25 kwa ukinzani wa rezista, unapata ampea. Rezista ya ohm 120 inakupa miliampea 10.4, ya ohm 12 inakupa 104. Chanzo kiwe volti 9 hadi 12. Chaja ya simu ya volti 5 haitoshi, maana LM317 na rezista yake vinakula zaidi ya volti 3 kabla hujafika kwenye maji. Funga na dayodi moja, kifaa kinachopitisha umeme upande mmoja tu, kwenye njia hiyo hiyo ya umeme. Faida yake itakuja mwishoni.

Waya za multimita zishike elektrodi zenyewe moja kwa moja, siyo klipu zinazoleta umeme. Klipu yenye kutu inaweza kukuongezea volti za uongo.

Hatua ya 6: Kipimo cha mwanzo

Washa miliampea 10, acha nusu saa, soma volti. Chini ya 2.0 uko sawa. Zaidi ya 2.3 kuna kitu kimelegea au uso una mafuta. Andika saa na joto la maji pia. Kipimo cha asubuhi na cha saa saba mchana hapa Tanga havilinganishwi, kwani joto peke yake linashusha volti.

Ukitaka kuhakikisha umeme wako haupotei, geuza bomba la sindano lililojaa magadi juu ya elektrodi ya haidrojeni, ile iliyofungwa kwenye hasi. Kwa miliampea 10, saa moja inatakiwa kutoa mililita 4.6 hivi. Ukipata pungufu sana, gesi inavuja.

Angalia na viputo. Tanga husifiwa kwa waja leo waondoka leo, nacho kiputo kinatakiwa kiwe hivyo hivyo: kije, kiondoke. Kiputo kikubwa kilichong'ang'ania kimeziba mahali pa kazi. Uso wenye mikwaruzo mingi midogo huachilia viputo upesi kuliko uso laini kama kioo, na ndiyo maana tulipitisha msasa.

Hatua ya 7: Chembe ya chuma

Sasa tumefika kwenyewe.

Mwaka wa kwanza nilifanya kipimo kwa kostiki safi ya maabara, halafu ikaniishia, nikamalizia na ile ya mpika sabuni. Ya sabuni ikatoa volti ndogo zaidi. Nikadhani nimekosea, nikarudia, jibu likawa lile lile. Nilikaa na jambo hilo wiki nzima kabla ya kupata maelezo yake.

Jibu lilikuwa limeshapatikana zamani. Mwaka 1987 Dennis Corrigan, mtafiti wa Marekani, alionyesha kwamba uchafu kidogo sana wa chuma ndani ya magadi unaigeuza nikeli kuwa kichocheo kizuri zaidi cha oksijeni. Mwaka 2014 kundi la Shannon Boettcher kule Oregon likaonyesha upande wa pili wa jambo hilo: ukiyasafisha magadi mpaka chuma kiishe, nikeli peke yake ni dhaifu. Sifa nyingi tulizokuwa tunaipa nikeli zilikuwa za chuma kilichojificha. Mchanganyiko wa nikeli na chuma leo ni miongoni mwa vichocheo bora vya oksijeni kwenye magadi, na hakuna cha ghali ndani yake.

Fanya hivi. Pima gramu 0.1 ya feri salfeti, ile chumvi ya kijani hafifu, iyeyushe kwenye mililita 100 za maji yaliyotoneshwa. (Vidonge vya kuongeza damu vina dawa hiyo hiyo, lakini vimevikwa sukari na rangi, tafuta ya maabara.) Chukua makopo mawili, kila moja mililita 200 za magadi kutoka chungu kimoja, kila moja na vipande viwili vya nikeli. Kopo la kwanza usiliguse. La pili tia mililita 1 ya maji ya chuma. Hapo umetia sehemu moja ya chuma kwa sehemu milioni, na haionekani hata kwa macho.

Yafunge makopo mfululizo, umeme ukitoka la kwanza uingie la pili, kwenye mkondo mmoja wa miliampea 10, ili yote mawili yapate umeme ule ule kwa muda ule ule. Soma volti za kila kopo kila robo saa kwa saa mbili. Utaona zote mbili zikishuka, kwa sababu kostiki ya dukani ina chuma chake tayari, lakini la pili linatakiwa kushuka upesi na kwenda chini zaidi. Pengo la volti 0.1 ni ushindi mkubwa: rudi kwenye namba yetu ya kwanza, ni uniti 2.7 kwa kila kilo. Hata 0.05 usiidharau. Kama makopo yote yanalingana, pengine kostiki yako ina chuma cha kutosha. Jaribu na kostiki ya maabara ndipo utaona tofauti.

Kisha badilisha: anodi (elektrodi ya oksijeni, iliyofungwa kwenye chanya) ya kopo la pili ihamie la kwanza, na ya kwanza iende la pili. Ile iliyokwisha kula chuma ikiendelea kufanya vizuri ugenini, ujue chuma kimeingia kwenye ngozi ya nikeli yenyewe. Ikidhoofika siku zinavyopita, usishangae. Chuma huondoka kwenye ngozi hiyo na kurudi, kinaondoka na kurudi, na ndiyo maana ni vizuri magadi yabaki na chembe kidogo daima.

Wanafunzi watataka kutia zaidi. Tia mililita 5 kwenye kopo jingine uwaonyeshe: chuma kilichozidi hakiyeyuki, kinashuka chini kuwa matope ya kahawia na hakuna unachopata.

Badilisha kitu kimoja tu kila mara. Ukibadilisha magadi, utepe na umbali siku moja, hata volti zikishuka hujui umshukuru nani.

Hatua ya 8: Upande wa haidrojeni

Huku pana nafuu ndogo zaidi. Njia ya viwandani ni kuufanya uso wa nikeli kuwa na matundu mengi, kama ile nikeli ya Murray Raney ya miaka ya 1920, ambayo alumini iliyochanganywa na nikeli huyeyushwa na kostiki na kuacha sifongo. Nikeli iliyochanganywa na molibdenamu ni bora zaidi, lakini chumvi zake si rahisi kupata mjini hapa. Kwa kuanzia, msasa mzuri na uso safi vinatosha. Chumvi za nikeli ni sumu na vumbi lake huleta saratani, kwa hiyo kazi ya kupaka nikeli mpya iachie maabara yenye vifaa.

Hatua ya 9: Je, kitadumu?

Kichocheo kinachong'aa saa mbili kisha kikafa hakina faida. Kiache kikifanya kazi mchana kutwa kwa siku kadhaa, soma volti asubuhi na jioni saa zile zile. Ongeza maji yaliyotoneshwa tu pale yanapopungua. Usiongeze kostiki, maana kinacholiwa ni maji.

Umeme ukikatika, au wingu likifunika sola, kopo lako linageuka betri ndogo: gesi zilizobaki juu ya elektrodi zinataka kurudisha mkondo kinyume, na mkondo huo unaharibu elektrodi ya haidrojeni. Ndiyo kazi ya ile dayodi. Mitambo mikubwa inayotegemea jua inasumbuliwa na jambo hili hili. Kwa hiyo usione vibaya kulizima na kuliwasha mara kumi kwa siku kwa makusudi, kisha upime. Volti zikipanda polepole, toa vipande, vichovye kwenye siki dakika chache, suuza, badilisha magadi, anza tena. Zisiposhuka, kata utepe mpya.

Magadi ya zamani yapunguze makali kwa siki taratibu kabla ya kuyamwaga. Vipande vya nikeli vilivyochakaa na matope yaliyobaki chini ya kopo tia kwenye chupa yenye lebo, ifunge, iweke juu mahali watoto hawafiki.